Dole Lililotiwa kwa Jina Langu

Kwa aliyeliokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, pengine limefungiwa samaki: mimi ni Kulthumu wa kisiwa cha Chula, na wakati wa mambo haya nilikuwa kizuka. Yaani mume wangu alikuwa amekufa na mimi nimekaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya nguo nyeupe, bila hina, bila manukato, bila kuvuka kizingiti.

Mume wangu Mahmudi alikuwa fundi wa mashua. Nyumba tuliyokaa, pamoja na kiwanja cha mbele alichoundia mashua zake, alinipa mimi kuwa mahari yangu, na mwaka wa 2015 akaenda afisi ya ardhi mjini Kismayo kuiandikisha kwa jina langu. Karatasi akaishonea ndani ya bitana ya koti lake, kwa sababu hakuamini masanduku.

Alipokufa, koti lile alipewa mzee aliyemuosha, kama ilivyo ada yetu. Mzee akaenda nalo kwao Kudhaa. Akalifua, karatasi ndani. Hayo nimekwisha kuyasimulia, na mlionicheka nimewasikia.

Basi shemeji yangu Abdulhamid, nduguye Mahmudi, akajua sina karatasi. Akapeleka maombi Kismayo kwamba nyumba ni ya ukoo wao na irudi kwao. Afisi ikabandika tangazo ukutani: mwenye pingamizi aje mwenyewe, na ushahidi mkononi, ndani ya siku arubaini.

Siku arubaini hizo zote zilikuwa ndani ya eda yangu. Abdulhamid hakuhitaji kunifungia mlango kwa kufuli. Alihitaji kujua hesabu tu.

Ndiyo nikamtuma mdogo wangu Rawda. Wiki iliyopita mlimwacha akipanda boti ya nahodha Riyadh, uso ndani ya nikabu, jina langu mdomoni. Aende afisini, aseme yeye ndiye Kulthumu, aombe nakala ya ukurasa wa nyumba yangu kwenye daftari la ardhi.

Alirudi siku ya tatu.

"Ehe?" nilimrukia hata hajavua viatu.

"Niache ninywe mayi kwanza, dada."

Akanywa kata nzima. Akajifuta. Bi Khairat, shangazi yetu aliyekuwa akikaa nami edani, aliacha kuchambua mchele akamtolea macho.

"Walikuuliza kitambulisho?" nikasema.

"Waliniuliza. Nikawaambia sisi wachu wa visiwani vitambulisho hatuna. Karani akasema, basi nitajie nasaba yako."

"Ukaitaja?"

"Nikaanza Kulthumu binti Husein, nikapanda nayo mpaka babu wa saba. Palikuwa na wazee wawili wetu wamekaa pale benchini. Kila babu nikimtaja, wao kichwa hivi. Nilipofika kwa babu wa tano, mmoja akasema huyo alimnyima babu yake tanga, na hajamsamehe. Wakatia sahihi kuwa wanijua."

Bi Khairat alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Nami nilicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu mazishi.

Maana kwetu ndivyo ilivyo. Mtu haulizwi karatasi, huulizwa babu zake. Na babu zangu na babu za Rawda ni wale wale, kuanzia baba yetu mpaka huyo mnyimi wa tanga. Mimi ndiye niliyeliona tundu hilo, na nilijiona mjanja kuliko wanawake wote wa Chula.

"Kisha?"

"Kisha nikapelekwa chumba cha wake. Kuna binti mmoya pale, yina lake Safiyya. Akaniambia toa nikabu. Akanipiga picha, akanishika dole akalibonyeza kwenye mashine."

"Picha?"

"Picha."

"Ya uso wako?"

"Ulitaka nimpe uso wa nani?"

Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Sikushtuka, kwa sababu nilikuwa na swali jingine linanichoma.

"Na daftari? Daftari lipo?"

"Lipo. Nimeliona kwa mato yangu. Lilikuwa chini ya madaftari mengine, lina doa la chai, lakini ukurasa mzima. Nakala italetwa na Riyadh ikisha kupigwa muhuri." Akaketi mkekani. "Yina lako lipo. Imeandikwa mahari. Nyumba, kisima na kiwanja mpaka kwenye mawe. Na Mahmudi ametia sahihi yake hapo chini. Amelipamba yina lako, dada. Amelivutia mkia."

Nililia. Nilimshika Rawda mikono nikaibusu, na hapo nikaona hina. Nyekundu, mbichi, kuanzia ncha za vidole mpaka kwenye kifundo.

"Na hini?"

"Nilipolala palikuwa na harusi jirani. Wakanishika mikono kwa nguvu."

"Harusi ya nani?"

"Humjui."

Akainuka kwenda kuoga. Alipofika mlangoni akageuka. "Nimemuona shemeji yako gatini."

Nikamfuata. "Akakutambua?"

"Na nikabu? Wewe mwenyewe hungenitambua."

Sasa nataka kusema jambo ambalo nimewaficha wiki zote hizi. Nilidhani hadithi itakwenda bila ya hilo. Haiendi.

Mahmudi hakuja kwetu kuniposa mimi. Alikuja kumposa Rawda.

Alikuwa amemuona kwenye arusi kisiwani Fuma, akapendezwa naye, akatuma watu. Baba yetu, mzee Husein, Mungu amrehemu, akawajibu pale pale ukumbini kwamba mkubwa harukwi. "Nina binti wa kwanza ndani. Amuoe huyo, au aende salama." Mahmudi akaondoka. Baada ya siku mbili akarudi, akasema atanioa mimi. Na kwa kuwa alijua yaliyotokea yana uchungu, akaongeza mahari. Akatoa nyumba.

Mimi niliulizwa. Sheria inataka mwali aulizwe. Khatibu alisimama nje ya pazia akasema, "Kulthumu, umeridhika?" Na Rawda alikuwa amekaa pembeni yangu, ananishikilia ubani.

Ningeweza kusema sitaki. Neno moja tu. Lakini mimi pia nilikuwa nimemuona Mahmudi kwenye arusi ile ya Fuma.

Nikanyamaza. Na mwali akinyamaza, amekubali.

Rawda aliolewa baadaye Kismayo na mtu wa duka, akaachwa. Akaolewa tena, akaachwa tena. Kila akiachwa alikuja kukaa kwangu, kwenye nyumba hiyo hiyo, akalala chumba cha uani. Hakuwahi kunitupia neno hata siku moja. Mimi nikajiambia amesahau. Nilitaka sana awe amesahau.

Haya, tuendelee.

Siku zikaenda. Kila asubuhi Abdulhamid alikuja kiambazani, upande wa nje, kwa sababu mimi si maharimu wake na hawezi kuingia nilipo. Alileta samaki, akampa Bi Khairat, kisha akaniamkia kwa sauti ya kupita dirishani.

"Shemeji, eda yaenda vyema?"

"Yaenda."

"Hutoki?"

"Nitoke nende wapi?"

"Ni vyema. Mchu akitoka edani, wachu hawasahau. Utamuaibisha marehemu kaburini." Kisha, kwa upole wa mtu anayekupunguzia mzigo: "Siku ya thalathini na moya leo."

Alikuwa akinihesabia siku za tangazo. Alizihesabu kwa sauti, kila asubuhi, na samaki mkononi.

Thalathini na mbili. Thalathini na tatu. Mimi nikitabasamu ndani ya nguo zangu nyeupe, nikisema moyoni, hesabu mwanangu, hesabu, nakala yangu iko njiani.

Siku ya thalathini na nane, baada ya adhuhuri, Bi Khairat aliingia mbio. Mwanamke wa miaka sabini na ushee, mbio.

"Mekuya! Mekuya na boti ya serikali!"

"Nani?"

"Huyo binti wa afisi! Yuko pwani aulizia nyumba ya Kulthumu kizuka. Ana mkoba na mashine. Na Abdulhamid ndiye ampokeaye!"

Nilimgeukia Rawda. "Uliniambia nakala italetwa na Riyadh!"

"Safiyya alisema huenda wakaya wenyewe kuikagua nyumba," Rawda akajibu. "Nilisahau kukwambia."

"Ulisahau?"

"Nilisahau, dada. Sasa tufanyeje?"

Hebu nioneni nilivyokuwa. Safiyya anaujua uso wa Kulthumu, na uso huo ni wa Rawda. Mashine inalijua dole la Kulthumu, na dole hilo ni la Rawda. Mimi nikikaa mkekani pangu niseme ndimi, mashine itakataa, na wote wawili tumeidanganya serikali. Nakala haitolewi, siku mbili zinapita, nyumba imekwenda. Na huko Kismayo kuna chumba chenye nondo kwa watu wa namna yetu.

Mlango wa mbele yuko Abdulhamid. Mlango wa uani unatokea kiwanjani, na kiwanjani kuna nusu ya kijiji. Na hata usingekuwa na mtu, kizuka hatoki.

"Vua," nikamwambia Rawda.

"Nivue nini?"

"Vua gauni. Chukua hizi nyeupe. Kaa pangu."

Bi Khairat akashika kichwa. "Wanangu! Nguo ya eda si ya kuazimana!"

"Shangazi, funga mlango."

Tulibadilishana nguo huku tukisikia viatu barazani. Nilikuwa sijavua nyeupe zile kwa siku tisini na kitu, ila kwa kuoga. Nilipovaa gauni la Rawda la maua nilijiona niko uchi. Nilimwomba Mungu msamaha, na Mahmudi pia nikamwomba, kwa sauti.

Rawda alikaa mkekani. Akajifunika nyeupe mpaka kwenye nyusi. Ilimkaa vizuri. Sikupenda jinsi ilivyomkaa vizuri.

"Hina!" nikakumbuka. "Ficha mikono!"

Akaiingiza chini ya nguo. Mimi nikapita nyuma ya pazia la jikoni, pazia la leso mbili zilizoshonwa, lenye tundu aliloliacha panya. Jicho langu nikaliweka pale.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu," akasema Bi Khairat.

Safiyya aliingia peke yake. Binti mwembamba, miwani, buibui safi, mkoba wa ngozi. Abdulhamid alibaki barazani, nyuma ya pazia la mlango. Nilikiona kivuli chake. Nikasema moyoni, eda hii hii aliyonifungia leo imemfungia yeye nje. Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja.

Safiyya alisimama akamtazama Rawda.

"Kulthumu? Kumbe u kizuka?"

"Ndiyo, abaayo," akajibu Rawda, akimwita dada kwa Kisomali.

"Na ulikuya Kismayo hali uko edani?"

Rawda akainamisha kichwa.

"Dharura," akasema Rawda, sauti ya chini kama inavyotakiwa.

Safiyya akatikisa kichwa. Akakaa mkekani, akaanza kufungua mkoba. "Pole sana. Lakini mbona hukutuma neno? Wake wenye eda sisi twawafuata majumbani. Ndiyo kazi yangu. Mwezi ulopita nilikwenda Kudhaa kwa kizuka mmoya, nikamtilia dole kitandani kwake. Ungesema tu."

Ungesema tu.

Msomaji, nilitaka kukaa chini hapo hapo jikoni niangue kilio. Siku zote zile nimejifungia ndani ya mtego, nimemfundisha mdogo wangu uongo, nimewafanya wazee wawili washuhudie mtu siye. Na mlango ulikuwa wazi. Sikuuliza. Nani kati yetu huuliza afisini? Sisi afisi tunaiogopa, tunaizunguka kwa nyuma, kisha tunajisifu kwa ujanja.

Jambo jingine likanigonga. Abdulhamid alikuwa amesimama pale barazani na amesikia kila neno. Amesikia kwamba Kulthumu alitoka edani akavuka bahari. Mtu aliyekilinda kizingiti changu miezi mitatu. Nilimngoja apige ukelele, aite kijiji.

Hata kikohozi hakukohoa.

"Haya," akasema Safiyya. "Lete dole tuhakikishe ni wewe."

Rawda akatoa dole gumba tu, ameminya nguo pande zote. Safiyya akalishika, akasita. Akaivuta nguo kidogo.

"Kizuka ametia hina?"

Nikalikamata pazia.

"Ni dawa hiyo!" Bi Khairat akaruka. "Ana mpasuko wa kidole, mwanangu. Nimemkandika hina mimi mwenyewe. Hina ni dawa tangu Mtume."

"Vidole vyote kumi?"

"Vyote vimepasuka. Hunu mwanamke afua nguo kwa mayi ya chumvi."

Safiyya alimtazama Bi Khairat. Akamtazama Rawda. Sijui aliona nini. Akalibonyeza dole kwenye mashine.

Mashine ikalia, ti. Taa ya kijani.

"Ni wewe," akasema.

Nilishukuru Mungu. Nawaapia, nilishukuru kwa taa ile ya kijani.

Akatoa nakala ya ukurasa wa daftari, yenye muhuri mkubwa wa buluu. Akaisoma yote, kwa sauti, kama kanuni inavyotaka, ili majirani na walio nje wasikie. Kwamba nyumba ya mawe iliyoko Chula, pamoja na kisima na kiwanja cha kuundia mashua mpaka kwenye mawe ya pwani, ni mali ya Kulthumu binti Husein, kuwa mahari yake, kutoka kwa mumewe Mahmudi. Kwamba ni yake peke yake, na warithi wa mume hawana sehemu.

Nilifumba macho. Sikutaka kingine. Nilitaka Abdulhamid ayameze maneno hayo mpaka mwisho.

"Umesikia, kaka?" Safiyya akamwambia mtu wa nje.

"Nimesikia, dada," Abdulhamid akajibu. Sauti tulivu. Tulivu mno. "Basi kama ni yake, mimi sina neno. Ila iko ile fomu ya pili."

"Ndiyo." Safiyya akatoa karatasi nyingine. "Kulthumu, huyu shemeji yako alipokuya afisini wiki mbili zilizopita, alisema kama nyumba itaonekana ni yako, basi mmekwisha kuzungumza na umeridhika kuirudisha kwa hiari. Yaani hiba. Umpe yeye. Ni kweli?"

Nikataka kucheka. Hiba! Mimi nimpe Abdulhamid hiba! Nilimtazama Rawda kupitia tundu langu, nikingoja amwambie yule binti akachane fomu yake.

Rawda hakusema kitu. Alikuwa akiitazama ile karatasi ya kwanza aliyowekewa mapajani. Alikuwa ametoa mkono wote sasa, hina wazi, na kwa kidole kimoja alikuwa akiupitia mkia wa jina langu, ule aliouvuta Mahmudi.

"Kulthumu?"

Kimya.

"Usininyamazie," Safiyya akasema kwa upole. "Kwenye ndoa mchu akinyamaza amekubali. Afisi yetu haitaki kunyamaza. Yataka neno. Wampa au humpi?"

Wiki mbili zilizopita. Nikahesabu, maana nilifunzwa kuhesabu. Wiki mbili zilizopita ndipo Rawda alipokuwa Kismayo. "Nimemuona shemeji yako gatini." Harusi ya nani? Humjui.

Nilimjua. Bwana arusi huyo nilikuwa nimemjua miaka kumi. Alikuwa amesimama barazani kwangu, mume aliyekimbiwa na mkewe, anangoja neno la bibi arusi wake. Akipewa nyumba, Rawda ataingia nayo kwa mlango wa mbele. Nyumba ambayo, kama baba angeikubali posa ya Mahmudi, angeikaa yeye.

Usiseme, nikamwomba kimoyomoyo. Rawda, mdogo wangu, nilikosa. Nilipaswa kusema sitaki. Nilipaswa kukuomba radhi na sikukuomba hata siku moja, kwa kuwa ningekuomba ningelazimika kukubali kuwa nilijua. Usiseme.

Rawda akainua kichwa. Hakumtazama Safiyya. Alilitazama pazia la jikoni, tundu lenyewe, jicho langu.

"Nampa," akasema.

"Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

"Basi tia dole hapa."

Bi Khairat angesema nini? Dakika tano nyuma ameapa kwa hina.

Sikumbuki kulisukuma pazia. Nakumbuka leso zikinishika shingoni na mimi nikizing'oa. Nikasimama katikati ya ukumbi wangu, na gauni la maua, nywele wazi.

"Asitie!" nikasema. "Asitie dole huyo! Nyumba ni yangu!"

Pazia la mlango likatikisika. Abdulhamid akachungulia, akaniona mzima mzima, kizuka na gauni la maua, akageuza uso upesi kama mcha Mungu.

Safiyya aliondoa mashine polepole. Akaninyanyulia miwani yake. Akanitazama toka juu mpaka chini, nguo ya rangi, mikono isiyo hina, uso asiouona popote kwenye karatasi zake.

"Na wewe," akauliza, "ni nani?"

Nilikuwa na jina. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Kuling'ang'ania maana yake ni Rawda kupelekwa Kismayo leo, kwenye boti hiyo hiyo, na mimi nyuma yake. Nikamtazama. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na bado hakuondoa mkono juu ya karatasi.

Nilichelewa kwa muda wa kumeza mate tu.

"Msamehe, abaayo," Rawda akamwambia Safiyya, na akazikaza nguo zangu nyeupe mabegani mwake. "Tangu msiba akili yake si yake. Huyo ni mdogo wangu. Yina lake Rawda."